Kwa nini vikundi vya kupunguza taka huanza kwa kishindo kisha hufifia?

#1 Kalamu Kavu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nimeshuhudia vikundi kadhaa vya majirani vilivyoundwa ili kupunguza taka, na karibu vyote vimepita njia moja. Mkutano wa kwanza hujaa hadi wengine wanasimama mlangoni; huchaguliwa mwenyekiti, katibu na mhazini; hununuliwa mapipa ya rangi tatu, na kwa muda kila mtu huonekana kuwa bingwa wa kutofautisha karatasi na plastiki. Baadaye unakuta mabaki ya chakula ndani ya pipa la karatasi, nepi ndani ya pipa la plastiki, na pipa la taka zinazooza limekuwa la kila kitu kwa sababu ndilo lililo karibu na lango.

Maelezo yanayotolewa kila mara ni kwamba wananchi hawana elimu. Mimi siyakubali. Watu wale wale waliotenganisha taka vizuri mwanzoni hawawezi kuwa wamesahau namna ya kutenganisha. Naomba tujadili ni kitu gani hasa huvunja juhudi hizi, na kama ipo aina ya juhudi inayodumu.

#2 Nyuki Dume

Mkuu, jibu ni fupi: gari la taka. Kwetu tulitenganisha kwa bidii mpaka asubuhi moja watu wakiwa wanakwenda kazini wakaona mapipa yote matatu yakimwagwa ndani ya gari moja. Hakuna aliyeitisha mkutano, hakuna aliyelalamika kwa maandishi. Kila mmoja aliacha kimya kimya. Mtu hawezi kuosha kopo la mtindi na kulianika ili likachanganywe na uchafu mbele ya macho yake.

#3 Mhandisi Mstaafu

Namba 2 ana haki ya kukasirika, lakini nitamsahihisha kidogo. Yapo magari yenye vyumba viwili au vitatu ndani ambayo kwa nje huonekana kama yanachanganya, na ipo mifumo ambamo vitu vikavu hukusanywa pamoja kwa makusudi kisha kuchambuliwa kituoni. Kosa la wahusika huwa ni kutowaeleza wakazi. Ingawa nakiri kwamba mara nyingi mnachokiona ndicho kinachotokea.

Kiini, kwa maoni yangu, ni soko. Kitu hakirejelezwi kwa sababu kimetenganishwa, bali kwa sababu yupo mnunuzi wa kukipokea. Tarakimu zile ndogo kutoka 1 hadi 7 zilizo ndani ya pembetatu chini ya chupa zilianzishwa mwaka 1988 ili kutambulisha aina ya plastiki tu, wala hazina ahadi yoyote kwamba kitu hicho kitarejelezwa. Wanunuzi wengi huzitaka zaidi namba 1, ambayo ni ya chupa za maji, na namba 2, ya madumu na chupa za sabuni. Pakiti ndogo zinazong'aa ndani zimeundwa kwa matabaka ya plastiki na alumini yaliyogandamizwa pamoja. Hakuna mtambo wa kawaida unaoweza kuyabandua kwa gharama inayolipa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliojumlisha plastiki yote iliyowahi kuzalishwa duniani hadi 2015, ulikadiria kwamba asilimia 9 tu ya taka za plastiki ndiyo iliyorejelezwa, asilimia 12 ilichomwa, na iliyobaki iko kwenye majaa au imetapakaa. Kisha mwaka 2018 China, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa plastiki chakavu, ilifunga mlango kwa sehemu kubwa ya mizigo hiyo. Vikundi vingi vilivyokuwa vikijisifu kwa kutenganisha viligundua wakati huo kwamba vilikuwa vikisafirisha tatizo kwenda mbali.

#4 Binti Bahari

Asante kwa mada. Sisi tuliamua kuacha plastiki kwanza na kuanza na taka zinazooza, na hadi leo tunaendelea. Sababu ni ya hesabu: Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018, ilikadiria kwamba mabaki ya chakula na majani ni asilimia 44 ya taka zote za mijini duniani, na katika nchi zenye kipato cha chini yanapita nusu. Ukiyaondoa hayo, kinachobaki kwenye pipa ni kikavu, hakinuki, hakivuti nzi, na hata yule mnunuzi wa chupa anayetajwa na Mhandisi hupata mzigo safi. Tena yakifukiwa jaani bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo katika kipindi cha miaka 100 hunasa joto zaidi ya mara 25 kuliko kiasi kilekile cha hewa ukaa.

Lakini msidhani ilikuwa rahisi. Lundo letu la kwanza la mboji lilinuka kiasi kwamba jirani mmoja alitishia kuita mgambo. Tulikuwa tukimwaga maganda na mabaki ya jikoni peke yake, yaliyojaa maji na naitrojeni, bila kitu kikavu cha kuyapa nafasi ya kupumua. Mboji hutaka takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni, iliyo nyingi kwenye vitu vikavu, kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Kwa lugha ya kawaida, kila ndoo ya maganda ifunikwe kwa ndoo mbili au zaidi za majani makavu, maranda au karatasi iliyochanwachanwa. Chukua konzi ya mboji uiminye: ikidondosha maji, ongeza vikavu, ikisambaratika kama vumbi, nyunyiza maji, ikishikamana na kuacha unyevu kiganjani, iache ilivyo. Lundo likikaa sawa huchemka lenyewe hadi nyuzi 55 au 60 za Selsiasi, na ukilipindua alfajiri mvuke hutoka. Walioona mvuke ule ndio waliobaki kwenye kikundi.

#5 Mchokozi wa Kijiji

Binti Bahari, kwa hiyo siri ya kikundi kudumu ni kuwaonyesha wanachama mvuke! Hapo mmezidi wachungaji wanaotumia spika.

Mimi nashangaa kwa nini tunahangaika wakati majibu yapo. Kuna mji Japani unaoitwa Kamikatsu ambao hauna taka kabisa, hata gari la taka hawana. Tuwaige tu.

#6 Jicho la Tai

Mchokozi, nusu ya ulichosema ni kweli. Kamikatsu haina gari la kukusanya taka, kwa sababu wakazi hupeleka wenyewe kituoni, na huko huzigawa katika mafungu zaidi ya 40. Lakini si kweli kwamba hawana taka. Walitangaza mwaka 2003 kwamba ifikapo 2020 hawatachoma wala kufukia chochote. 2020 ilipofika walikuwa wakirejeleza takriban asilimia 80. Zinazobaki ni pamoja na nepi na bidhaa zilizoundwa kwa namna isiyotenganishika. Yaani walifanya kila linalowezekana upande wa mtumiaji na wakagonga ukuta uliojengwa na mtengenezaji.

Lingine ambalo wanaoisifu Kamikatsu hulisahau ni kwamba ni mji wa watu wasiofika 1,500, na walilazimika: masharti ya kudhibiti sumu ya dioksini yalifanya tanuri zao za kuchomea taka zisiweze kuendelea. Hawakuanza kwa semina wala kwa fulana zenye kaulimbiu.

#7 Kipanga

Namba 6 umenipa pa kuanzia. Maelezo yangu ni tofauti na yote yaliyotangulia: vikundi hivi huchoka kwa sababu vimebebeshwa mzigo usio wao.

Tazameni historia. Mwaka 1953 huko Marekani iliundwa taasisi ya Keep America Beautiful, na miongoni mwa waanzilishi wake yalikuwamo makampuni ya vinywaji na ya vifungashio. Mwaka 1971 ilitoa tangazo maarufu la televisheni linaloonyesha mzawa wa asili wa nchi ile akidondosha chozi kwa sababu ya taka, huku sauti ikieleza kwamba watu ndio wanaoanzisha uchafuzi na watu ndio wanaoweza kuukomesha. Wakati huohuo kampuni za vinywaji zilikuwa zikiachana na chupa za kurudishwa na kupinga sheria za amana, yaani fedha anayoweka mnunuzi na kurudishiwa anaporudisha chupa. Watu wa tangazo lile ni wewe na mimi. Aliyebuni chupa ya kutupwa hakutajwa.

Linganisheni na Ujerumani, ambako tangu mwaka 2003 mnunuzi huweka amana kwa chupa na makopo mengi ya kutupwa na kurudishiwa anaporudisha. Huhitaji semina ya kumfundisha mtu kurudisha chupa yenye fedha yake ndani.

#8 Mchokozi wa Kijiji

Na yule mwenye chozi, wakuu, hakuwa mzawa wa asili. Alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kitaliano. Hata chozi lilirejelezwa.

#9 Mwalimu wa Jioni

Nimecheka, lakini turudi kwenye hoja. Kipanga anamlaumu mzalishaji, Nyuki Dume analaumu gari, Mhandisi analaumu soko. Mimi naona wote mnakwepa jambo lisilopendeza, nalo ni kwamba binadamu hubadilika pale ambapo kutobadilika kunamgharimu. Korea Kusini ilipiga marufuku kufukia mabaki ya chakula mwaka 2005, na mwaka 2013 ikaanza kuwatoza wakazi kwa kadiri ya wanachotupa. Katika majengo mengi pipa lina mizani, unagusisha kadi, linafunguka, linapima na kuandika deni lako. Leo takriban asilimia 95 ya mabaki yao ya chakula hurejelezwa kuwa mbolea, lishe ya mifugo au nishati. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki kwa sheria mwaka 2008, Kenya ikafuata mwaka 2017 kwa adhabu kali. Hakuna kikundi cha kujitolea kilichowahi kupata matokeo ya namna hiyo kwa kubembeleza.

#10 Binti Bahari

Mwalimu, mizani ya Korea huandika deni kwa sababu huyo mkazi ana mahali pamoja tu pa kutupa na pipa linamtambua. Toza watu kwa uzito mahali ambapo nyuma ya ukuta kuna korongo lisilo na mlinzi, uone taka zitakakoishia. Adhabu hufanya kazi pale ambapo huduma imeshafika.

#11 Mama Shamba

Nami nitoe langu la mifuko, kwa kuwa Mwalimu ameitaja. Baada ya mifuko ya plastiki kuanza kupigwa vita, kila harusi, kila kongamano na kila duka limenipa mfuko wa kitambaa. Nyuma ya mlango wa jiko langu upo msumari mmoja uliobeba mifuko mingi kiasi kwamba umepinda. Niliwahi kusoma kwamba Wadenmaki wamethibitisha mfuko wa pamba ni mbaya kuliko wa plastiki na lazima utumike mara 7,100 ili ulingane nao. Kama ni hivyo, nitahitaji kuishi maisha manne.

#12 Jicho la Tai

Mama Shamba, tarakimu hiyo ipo, ila inasimuliwa nusunusu. Utafiti ni wa Wakala wa Mazingira wa Denmark wa mwaka 2018. Mara 7,100 ni pale mfuko wa pamba unapopimwa kwa viashirio vyote vya mazingira kwa pamoja, na kilichoivuta juu ni kiashirio cha uharibifu wa tabaka la ozoni. Kwa mabadiliko ya tabianchi peke yake, mara 52 zinatosha, na mfuko imara hufikisha idadi hiyo bila shida. Halafu utafiti ule haukuhesabu madhara ya mfuko wa plastiki uliotupwa ovyo, ukaziba mtaro au ukaingia tumboni mwa mnyama, ambayo ndiyo sababu hasa ya nchi nyingi kuupiga marufuku. Tatizo lako si pamba, ni wingi. Mifuko miwili ingekutosha. Iliyobaki iliharibu maji na ardhi ya mkulima bila faida.

#13 Mama Shamba

Asante mwanangu. Basi anayefunga ndoa mwaka huu asiniletee mfuko, aniletee msumari.

#14 Katibu wa Zamani

Nimesoma uzi wote na nashangaa hakuna aliyetaja uchovu. Niliwahi kuwa katibu wa kikundi kama hiki. Kwenye karatasi tulikuwa wanachama wengi. Kwa uhalisia kazi ilifanywa na kina mama watatu na mimi. Sisi ndio tuliotoa mfuko wa nepi kutoka pipa la chupa, tuliopiga simu kwa mnunuzi asiyepokea, tulioosha mapipa. Mmoja alipohama na mwingine akapata mjukuu wa kulea, kikundi kilikwisha hata kabla ya kutangazwa. Sheria ilikuwepo, mnunuzi alikuwepo, gari lilikuwa zuri. Hapakuwa na mikono.

Ningeanza upya, ningepunguza ndoto. Kikundi chenye kazi moja ndogo inayogawanywa kwa zamu ya kweli, na iliyoandikwa ukutani kwa majina, hukaa kuliko kikundi chenye malengo kumi na katibu mmoja.

#15 Nyuki Dume

Katibu, umenigusa. Hata hivyo najiuliza kama kina mama wale wangechoka iwapo wangelipwa. Tunaita kujitolea kazi ambayo manispaa inamlipa mtu mwingine kuifanya vibaya.

#16 Mzee wa Mizani

Suala la malipo linanipeleka kwa watu ambao hawajatajwa tangu namba 1: waokota taka. Ninanunua vyuma chakavu na plastiki, kwa hiyo nawafahamu. Kabla kikundi chochote hakijaundwa, wao ndio wanaorejeleza. Mara nyingi kikundi kipya kinapoanza, jambo la kwanza ni kufungia chupa nzuri ndani ya kizimba na kuziuza ili kutunisha mfuko wa kikundi. Mwokota taka anabaki na pakiti zisizo na mnunuzi. Matokeo yake anavunja kizimba au anahama mtaa, na kikundi kikichoka hakuna tena wa kuokota. Mtaa unakuwa mchafu kuliko ulivyokuwa kabla ya kuokolewa.

Kwa anayetaka kufanya kazi nao, jambo dogo: chupa ya maji na kifuniko chake ni plastiki mbili tofauti. Kiwandani husagwa na kutiwa majini. Vipande vya chupa huzama, vya kifuniko huelea, hutenganishwa bila taabu. Kinachotuharibia mzigo ni mafuta, mchanga, na zile lebo za kubana zilizovishwa chupa nzima, ambazo baadhi yake ni za PVC, plastiki ya aina nyingine. Chaneni lebo, mwageni kilichomo, kanyageni chupa iwe bapa. Yanayobaki tuachieni.

#17 Kipanga

Mzee wa Mizani ameeleza vizuri, na amenisaidia bila kukusudia. Nani aliamua chupa ivishwe lebo ya PVC? Si mwokota taka, wala si Katibu wa Zamani.

#18 Mhandisi Mstaafu

Kipanga, hoja yako naikubali kwa nchi, lakini haisaidii mtaa. Mtaa hauwezi kusubiri mkataba wa kimataifa. Nchi zilikubaliana Nairobi mwezi Machi 2022 kuandaa mkataba wa plastiki wenye nguvu ya kisheria. Kikao cha Busan mwishoni mwa 2024 kiliisha bila mwafaka, na cha Geneva mwezi Agosti 2025 vilevile. Pipa la mleta mada litajaa wakati wajumbe bado wanajadili aya.

Naongeza tahadhari nyingine kwa wanaojisifu kwa tani walizorejeleza. Mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons alionyesha kwamba mashine zilizotumia makaa kwa ufanisi zaidi zilifanya makaa yatumike zaidi, kwa kuwa matumizi yalikuwa nafuu. Nahofia jambo la namna hiyo kwa chupa: mtu akijiridhisha kwamba inarejelezwa, ananunua mbili. Uzito wa mzigo uliouzwa unapanda, kikundi kinapiga makofi, na taka zimeongezeka.

#19 Mwalimu wa Jioni

Hapo tuko pamoja. Hata mboji ya Binti Bahari iko chini ya kutokutupa chakula kabisa. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya kiasi hicho ilitoka majumbani, si hotelini wala sokoni.

#20 Binti Bahari

Mwalimu, ganda la ndizi halizuiliki kwa kupanga manunuzi. Ila nakubali kwamba lundo letu lilikuwa na mkate mwingi kuliko linavyostahili.

#21 Fundi Redio

Samahani kwa kupinda njia, lakini mbona mnazungumzia mapipa tu? Huko Amsterdam mwaka 2009 mwandishi wa habari Martine Postma alianzisha mkusanyiko ambapo mtu huleta kitu kilichoharibika na kukaa na fundi wanakitengeneza pamoja, na wazo hilo limeenea nchi nyingi. Sisi tumejaribu kwa birika, feni na pasi. Nusu ya birika zinazoletwa zina hitilafu moja: swichi ya kujizima iliyolegea au mguso ulioungua chini ya kitako. Kinachotushinda ni vifaa vilivyogundishwa kwa gundi badala ya skrubu, ukivifungua umevivunja. Watu hurudi kwetu kwa sababu wanaondoka na kitu mkononi. Pipa halimpi mtu kitu.

#22 Mchokozi wa Kijiji

Fundi, pasi yangu nitarudishiwa au imeshakuwa mali ya kikundi?

#23 Kalamu Kavu (mleta mada)

Nashukuru wote. Niliuliza swali moja nikapewa majibu saba yanayogombana: gari, soko, mzalishaji, sheria, uchovu, waokota taka, na sasa Fundi anasema faida anayoondoka nayo mtu mkononi. Mtaani kwetu kuna wanaotaka tuanze tena mwezi ujao, na mapipa yale ya rangi tatu bado yapo. Kabla hatujachagua, nimependekeza tupime kwanza kilichomo ndani ya pipa, kwa sababu kila mmoja wetu anabishana kuhusu taka asizoziona. Mhandisi, kipimo hicho hufanywaje bila vifaa vya maabara?

#24 Mhandisi Mstaafu

Turubai, glavu nzito, mizani ya kuning'iniza na ndoo. Chukueni taka za wiki nzima kutoka kaya zile zile, kwa sababu siku moja hudanganya. Ya Jumapili haifanani na ya Jumatano. Zimwageni, zigawanyeni katika mafungu machache: zinazooza, karatasi, plastiki zenye mnunuzi, plastiki zisizo na mnunuzi, kioo, chuma, nguo, nepi na za usafi, na mengineyo. Pimeni kila fungu. Taka za hatari kama betri na sindano zitengwe mapema na mtu mmoja aliyeelekezwa. Msifanye siku ya mvua, kwani karatasi iliyolowa itawadanganya kuwa ni nzito.

#25 Katibu wa Zamani

Na kabla ya turubai, andikeni nani atakuwepo siku ya kugawanya. Majina, si idadi.

#26 Mzee wa Mizani

Mwiteni na mwokota taka wa mtaa wenu, na mlipeni. Atawaonyesha plastiki zenye mnunuzi haraka kuliko chati yoyote, na mizani naweza kuwaazima.